Kujua Mapema: Uzee, Kusahau na Amri ya Nne

Katika usharika mdogo niliouhudumia upande wa Kibiti, kabla sijahamishiwa chuoni kufundisha, tulikuwa na mtunza hazina ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko madaftari yote niliyopata kuyaona. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alifika Rufiji kutoka Upareni mwaka 1977, mwaka ambao serikali ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote na walimu vijana wakatawanywa nchi nzima. Akaoa, akajenga, akapanda mikorosho, na milimani hakurudi tena isipokuwa kwenye misiba. Kila Jumapili baada ya ibada alihesabu sadaka mbele ya wazee wawili, akaandika kwa wino wa bluu na kupiga mstari kwa rula, kisha katikati ya juma akapeleka fedha zinakotakiwa kupelekwa. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Kisha hesabu ikaanza kutotimia. Kwanza ilikuwa elfu chache, nasi tukanyamaza kwa heshima. Ilipofika shilingi 187,000 nikaitisha baraza la wazee. Mwalimu alisema fedha amezipeleka. Tulipomwomba stakabadhi alipekua mifuko, akatabasamu, akasema ameisahau nyumbani. Juma lililofuata alisema maneno yale yale, kwa tabasamu lile lile, kana kwamba hatujawahi kuulizana. Hilo lingetosha kunishtua. Mimi nilisikia uongo tu. Baraza liliamua aachie hazina na asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakapotubu, na uamuzi huo nilioutia sahihi ni mimi. Jumapili tatu za Chakula cha Bwana alikaa kwenye benchi la nyuma wakati wenzake wanakwenda mbele kupiga magoti. Hakukasirika. Sisi tukasema, tazameni moyo mgumu.

Miezi minane baadaye mkwewe alikuwa akihamisha gunia la mpunga, akakuta kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwamo noti zimefungwa kwa mipira, kila kifurushi na karatasi yake yenye tarehe ya Jumapili, kwa wino wa bluu. Haikupungua hata shilingi.

Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likinifuata, nami naliweka mbele yako, ndugu msomaji. Je, tuna wajibu wa kujua mapema kwamba akili ya mzee wetu inapungua? Na kama ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa, kujua huko ni upendo, au ni kumwongezea mtu mzigo tu?

Maswali sita na kiberiti

Wakati kopo lilipoonekana, Mwalimu alikuwa tayari amepotea mara moja njiani akitoka sokoni Kibiti, mahali alipopita kwa miaka zaidi ya arobaini. Nilimsindikiza pamoja na mwanawe mpaka hospitali ya misheni, Mchukwi. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana ambaye amewahi kusoma Moshi. Nilitarajia mashine. Yeye alitoa kiberiti mfukoni.

Aliuliza, "Mzee wangu, daraja ni nini?"

Mwalimu akajibu, "Daraja, mwanangu, ni kile tulichokingoja ukingoni mwa mto miaka yote ile ya pantoni." Tulicheka sote. Kila aliyevuka Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 anajua jibu hilo lina ukweli kuliko la kamusi.

"Na leo ni siku gani?"

"Kila siku ni ya Bwana, Daktari."

"Mwenyekiti wa kijiji chenu anaitwa nani?"

"Huyo ni mtu mwema sana. Tunaelewana."

Hapo sikucheka tena. Nilianza kuona ustadi wa mtu anayeficha shimo kwa kulitandikia mkeka, na nikakumbuka kwamba mkeka huo nimeuona mara nyingi barazani. Alipoambiwa ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja, alisema ng'ombe, mbuzi, kondoo, ng'ombe, kisha akakaa kimya. Mwisho tabibu alipanga njiti za kiberiti mezani kwa mchoro rahisi, akamwomba apange nyingine zifanane. Mwalimu aliyewafundisha hesabu watoto wa kata nzima alizishika zile njiti, akazitazama, akauliza ni nani anataka kuwasha moto.

Maswali yale yana historia ambayo Wakristo wa kanisa letu wangepaswa kuijua. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotumika kwa muda mrefu duniani, kikiwemo kile mashuhuri cha mwaka 1975 kutoka Marekani, humwomba mgonjwa aandike sentensi, anakili michoro na kutoa saba kutoka mia moja mfululizo. Bibi asiyewahi kushika kalamu atashindwa hata kama ana akili timamu kuliko mjukuu wake wa chuo kikuu. Mwaka 2010 watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 na ambayo kanisa letu lina mkono wake ndani yake, pamoja na wenzao kutoka Uingereza, waliwapima karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya ya Hai. Walikuta takriban sita katika kila mia wana ugonjwa unaoitwa demensia. Kutokana na kazi hiyo wakatengeneza kipimo kifupi cha maswali sita yanayoulizika kijijini bila karatasi, na njiti za kiberiti zikachukua nafasi ya kalamu. Baadaye kipimo hicho kiliingizwa kwenye programu ya simu na kujaribiwa huko huko vijijini. Mhudumu wa afya asiye daktari husoma swali, hubonyeza jibu, na simu hujumlisha alama na kumwonyesha kama mzee anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Hiyo ndiyo teknolojia ninayoizungumzia. Najua katika nchi tajiri kuna saa za mkononi zinazopima mwendo na usingizi, na kompyuta zinazosikiliza jinsi mtu anavyotafuta maneno. Kwetu sisi chombo ni simu ya mhudumu wa afya, kipimo cha presha, miwani ya kusomea na kifaa cha kusaidia masikio. Tusivione vidogo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo kumi na manne yanayoongeza hatari ya demensia, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia, kutoona vizuri, uvutaji wa sigara na upweke, likasema kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi hayo duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Mengi kati ya hayo yanaweza kufuatiliwa kwenye zahanati. La upweke linafuatiliwa kanisani.

"Ni uzee tu"

Pingamizi la kwanza nililisikia nyumbani kwa Mwalimu. Shemeji yake alisema, "Mchungaji, ni uzee tu. Amerudi utotoni. Mungu ndivyo alivyopanga."

Maneno hayo yana upole ndani yake, nami sitaki kuyadharau. Lakini upole usiotaka kujua una gharama yake. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, alieleza mwaka 1906 alichokiona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyekufa akiwa amepoteza kumbukumbu. Tangu hapo tumejua kwamba kusahau kwa namna hii kunaweza kuwa ugonjwa wenye alama zake mwilini, kama kifua kikuu kilivyo na alama zake. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wanaoishi na demensia, na walio wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tena wapo wazee wanaosahau kwa sababu zinazotibika: tezi la shingo, upungufu wa vitamini, huzuni kubwa baada ya kufiwa, dawa zinazogombana mwilini. Anayesema "ni uzee tu" huwafungia hao pia mlango wa kupona.

Na pale ambapo ugonjwa hautajwi kwa jina lake, jina jingine huja kulijaza pengo. Jirani yetu mmoja, bibi Mndengereko, alikuwa akiamka alfajiri na kushika njia ya kuelekea bondeni. Mara mbili alikutwa uani kwa watu wengine kabla jua halijachomoza. Minong'ono ikaanza, na kila Mtanzania anajua minong'ono kama hiyo juu ya bibi kikongwe inaweza kuishia wapi. Katika baadhi ya mikoa ya nchi hii imeishia kwenye panga. Mjukuu wake aliyeketi naye kwa subira ndiye aliyegundua anakokwenda. Alikuwa anakwenda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu wa bonde hulala wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Shamba lile familia yake ililiacha wakati wa uhamisho wa miaka ya 1968 na 1969, wakazi wa bondeni walipopelekwa kuanzisha vijiji kwenye ardhi ya juu. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na yeye alikuwa bado na zamu ya ulinzi. Hakuwa mchawi. Alikuwa mkulima mwaminifu aliyepotewa na kalenda.

Kwa hiyo kujua mapema huwasaidia kwanza sisi tulio wazima. Kunatuzuia tusimshuhudie jirani uongo, na hiyo nayo ni amri.

"Kama hakuna dawa, kwa nini kumwambia?"

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halitoki kwa wajinga. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni zilizoandikwa na Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa watu wasiolalamikia ugonjwa. Moja ya kanuni hizo inasema kwamba kwa wagonjwa watakaogunduliwa lazima kuwe na tiba inayokubalika. Demensia nyingi hazina tiba ya kuziponya. Dawa mpya zilizopitishwa Marekani tangu mwaka 2023 hupunguza kasi kidogo tu, kwa gharama ambayo hakuna mkulima wa korosho anayeweza kuifikiria. Basi mwenye akili anauliza: mnamwambia mzee kwamba atawasahau watoto wake, kisha mnampa nini?

Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu. Naona linachukulia kwamba kitu pekee cha thamani ambacho mgonjwa anaweza kupewa ni dawa. Maandiko yanatupa mzee mmoja anayetusaidia kuona zaidi, naye ni Barzilai Mgileadi, katika 2 Samweli 19. Daudi alipomwalika Yerusalemu kwa heshima kubwa, Barzilai alikataa. Alikuwa na miaka themanini. Alimweleza mfalme waziwazi kwamba hawezi tena kuonja chakula wala kusikia waimbaji, na kwamba hataki kuwa mzigo. Akaomba afe katika mji wake, karibu na kaburi la wazazi wake, na akamtoa Kimhamu aende badala yake. Mfalme hakumbishia. Akambusu, akambariki, akamwacha aende.

Barzilai alijua hali yake mapema kiasi cha kuweza kuamua mwenyewe, na tunda la kujua kwake ni hilo. Mtu anayeambiwa ukweli angali na ufahamu anaweza kuandika wosia kwa mkono wake, kusema shamba lipi ni la nani, kuchagua nani atunze namba yake ya siri, kupatana na ndugu waliyegombana na kusema anataka azikwe wapi. Anaweza kusali kwa maneno yake mwenyewe juu ya jambo linalomjia. Mwalimu hakupata nafasi hiyo. Tulipomjua alikuwa ameanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, na akizungumza na mkwewe alichanganya Kipare ambacho yule binti wa Rufiji hakukielewa.

Siwezi kusema kila mzee lazima apimwe. Anayekataa ana haki ya kukataa, na Daudi alimheshimu Barzilai kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Lakini kumnyima nafasi ya kuchagua kwa kuwa sisi tunaogopa kumtazama usoni si huruma.

Hatari ya Isaka

Kuna wanaopenda vyombo vipya kiasi cha kusahau kuuliza viko mikononi mwa nani. Biblia haikusahau. Isaka alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na watu wa nyumba yake mwenyewe walijua. Walichofanya na maarifa hayo tunakisoma katika Mwanzo 27: walimvika mwana mdogo ngozi za mbuzi, wakaipata baraka. Isaka alishika, akanusa, akasikia sauti, akashuku, na bado akadanganywa, kwa sababu aliowategemea wamwonee ndio waliokuwa wakimficha.

Kwetu Kibiti ngozi za mbuzi zimebadilika sura. Mzee akianza kusahau, mwenye kulijua hilo mapema anaweza kuwa mtoto anayetaka kuuza mikorosho. Anaweza kuwa mjukuu anayeijua namba ya siri ya simu. Anaweza kuwa tapeli asiyemfahamu kabisa, anayetuma ujumbe kwamba ile fedha itumwe kwenye namba nyingine, na mzee akatuma kwa sababu hakumbuki kama kuna fedha aliyoahidi au la. Wachungaji wenzangu wataniunga mkono nikisema kwamba siku hizi dalili ya kwanza mara nyingi haionekani kanisani, inaonekana kwa wakala wa fedha. Mzee aliyekuwa akitoa pesa bila shida anakosea namba mara tatu, laini inafungwa, na anarudi nyumbani kwa aibu bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo alama zinazobaki ndani ya simu ya mhudumu wa afya ni siri kubwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Sheria ni njema, lakini kijijini ulinzi wa kwanza ni dhamiri ya anayeuliza maswali. Sisi wachungaji tuna kiapo cha kutunza siri ya maungamo. Ningependa matokeo ya kipimo cha mzee yatunzwe kwa kicho kile kile: aambiwe yeye kwanza, mbele ya mtu anayemwamini yeye, na yasisomwe kwenye kikao cha ukoo kabla hajayasikia.

Hatari ya Korbani

Hatari nyingine inawahusu watoto wema. Katika Marko 7 Bwana wetu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Sadaka ilikuwa ya kweli, na wazazi walikuwa na njaa ya kweli. Walitumia kitu chema kukwepa kitu kilichoamriwa.

Chombo cha kumsaidia mzee kinaweza kuwa Korbani yetu. Mwana aliyeko Dar es Salaam ananunua simu kubwa, anamfunga baba kifaa cha kuonyesha mahali alipo, kila jioni anatazama alama kwenye ramani na kulala kwa amani. Baba hajapotea. Lakini hajaongea na mtu tangu asubuhi. Na upweke, kama nilivyosema, ni miongoni mwa yale mambo kumi na manne.

Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipofafanua Amri ya Nne alifundisha kwamba kuwaheshimu wazazi ni zaidi ya kuwapenda, kwa maana heshima inataka unyenyekevu na utumishi hata wanapokuwa dhaifu na wagumu kuishi nao. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Rufiji, wamefundishwa wasimjibu mzazi aliyezeeka hata kwa kuguna. Katika jambo hili wametupita mara nyingi, na tukubali kujifunza kwao. Simu inaweza kumwonyesha mtoto kwamba baba anahitaji mtu. Mtu huyo inabidi afike kwa miguu yake.

Nani anamkumbuka asiyejikumbuka?

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza swali gumu kuliko yote: mtu akiisha kusahau Baba Yetu, akamsahau hata Yesu, imani yake iko wapi?

Agustino wa Hippo alitumia sehemu kubwa ya kitabu cha kumi cha Maungamo akitembea ndani ya kumbukumbu kana kwamba ni jumba kubwa, akimtafuta Mungu humo. Ninampenda Agustino, lakini jumba la Mwalimu lilikuwa linabomoka chumba baada ya chumba. Kama Mungu hupatikana humo tu, Mwalimu alikuwa anampoteza.

Sisi Walutheri, hata hivyo, tunabatiza watoto wachanga. Tunaulizwa kila mwaka kwa nini tunamwagia maji mtoto asiyejua lolote, nasi hujibu kama Luther alivyojibu: Ubatizo haujengwi juu ya ufahamu wa anayebatizwa, umejengwa juu ya Neno na agizo la Mungu. Basi tuwe waaminifu kwa jibu letu. Kama mtoto asiyejua bado ni wa Mungu, mzee asiyejua tena naye ni wa Mungu, kwa sababu ile ile. Katika Isaya 49 Mungu anasema kwamba hata mama akimsahau mwanawe yeye hatawasahau watu wake, naye amewachora katika viganja vyake. Wokovu ni kukumbukwa kabla ya kukumbuka.

Hili linaweka vipimo vyote mahali pake. Alama za kipimo hutuambia mzee anahitaji msaada gani. Haziwezi kutuambia ana thamani kiasi gani, na mhudumu akizitumia hivyo, azime simu.

Watu wa Rufiji si wageni wa kuhesabiwa. Tangu mwaka 1998 watafiti wenye kituo chao Ikwiriri walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Wazazi wetu walichoka na maswali yale. Lakini takwimu zile zilisaidia kupanga fedha za afya za wilaya, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Tuliwahesabu watoto, na wengi wakapona. Taifa lina Sera ya Wazee tangu mwaka 2003. Sasa ni zamu ya kuwafikia wazee wenyewe nyumbani, na kanisa lisingoje serikali peke yake. Kila usharika una wanawake wanaotembelea wagonjwa na vijana wenye simu. Wakifundishwa kutambua dalili, kupima presha na kujua wampeleke wapi mzee anayesahau, tutakuwa tumeanza. Na kila baraza la wazee, kabla ya kumtia mtu mzee nidhamu ya kanisa, lijiulize kwanza: je, huyu ametenda dhambi, au ni mgonjwa?

Namalizia pale nilipoanzia. Baada ya kopo kuonekana, baraza lilifuta uamuzi wake, na Jumapili iliyofuata nilisoma tangazo mbele ya usharika mzima. Kisha nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu na mkate na divai. Nilipiga magoti kwenye mkeka wake, nikamwambia, "Mwalimu, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosa hesabu. Akauliza, "Kwa lipi, Mchungaji?"

Nilianza kumweleza. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na nilipomaliza aliuliza tena, kwa lipi. Sikuendelea. Nilitamka maneno ya Bwana, akafungua kinywa, akapokea. Alipokuwa akitafuna aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kipare ambao mimi siujui.

Naamini Mungu amenisamehe. Lakini yule niliyemkosea hakuwa tena na uwezo wa kunisamehe, kwa kuwa nilichelewa kumjua. Watu hudhani kwamba kujua mapema ni kumpa mgonjwa muda. Ni kweli. Lakini siku ile juu ya mkeka niliona kwamba muda ule nilikuwa nimeuhitaji mimi kuliko yeye.